Deni la siku 40: nani alimwangalia mzazi wa Chanika?

Kwanza tuelewane. Chanika ninayoizungumzia si ile ya Ilala, ya daladala na foleni. Hii ni Chanika ya Handeni, mkoa wa Tanga, kwa bibi yangu mzaa mama. Ukitoka Dar unakwenda mpaka Mkata, unaiacha barabara kuu, unakata kushoto, na baada ya kilomita 54 umefika mjini Handeni. Chanika ni hapo.

Nilitumwa huko na gazeti kufuatilia habari ya maji. Habari yenyewe mpaka naandika hapa haijatoka, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Jioni ya pili nilikuwa nimekaa uani kwa bibi, yeye anachambua mchicha, mimi nachaji simu kwa jirani. Nikamuuliza swali ambalo lilikuwa linanisumbua tangu dada yangu alipojifungua: siku ile ulipomzaa mama, mwaka 1970, nani alikuwa na wewe?

Nilitegemea aseme "mama yangu" au "mkunga", basi, tuendelee na mchicha. Bibi akaweka sinia chini akaanza kuhesabu kwa vidole. Nani alimchotea maji tangu siku ya kwanza mpaka ya saba. Nani alileta kuni, na mizigo mingapi. Nani alipika uji wa pilipili manga. Nani alileta kuku, na kuku mwenyewe alikuwa jogoo au tetea. Nani aliingia kwenye shamba lake la mahindi lililokuwa linamezwa na magugu. Nani aliahidi na hakuonekana. Wanawake 11 kwa jumla, na zaidi ya miaka 50 imepita.

Nikamwambia, bibi, una kumbukumbu wewe. Akacheka. "Mume wangu, hiyo si kumbukumbu. Hayo ni madeni. Mtu hasahau anachodaiwa."

(Kwa wasomaji wa mbali: kwetu bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume. Msishtuke.)

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza watu. Sote tumezoea ule wimbo wa kwamba zamani watu walipendana, mzazi aliangaliwa, siku hizi kila mtu na lake. Utausikia redioni, utausikia msibani, utausikia kwenye basi. Mimi siuamini tena. Ninachokiona katika historia ya Handeni na Korogwe ni kitu kingine: kumwangalia mwanamke aliyetoka kuzaa hakujawahi kwenda kwenyewe tu kama mvua. Kuna watu walijenga utaratibu ule, kwa ndoo za maji na mizigo ya kuni na daftari la kichwani. Ukavunjika, wakajenga mwingine. Ukavunjika tena. Na kila mara wakubwa walipokuja kusaidia, walimtazama mtoto kwanza, mama baadaye, kama walimtazama kabisa.

Tuanze na hesabu yenyewe ya arobaini. Waislamu wanaijua kwa jina la nifasi, na kwa mazoea ya pwani yote mzazi hukaa ndani siku 40. Wakristo wakifungua Mambo ya Walawi sura ya 12 watakuta siku 7 na nyingine 33 kwa mtoto wa kiume, jumla 40. Kwa mtoto wa kike zinakuwa maradufu, 80. Nilipomsomea bibi hilo la 80 aliguna tu. Halafu njoo hospitali: madaktari nao wanahesabu wiki 6, yaani siku 42, na Shirika la Afya Duniani likisema "kifo kitokanacho na uzazi" linahesabu kuanzia ujauzito mpaka siku ya 42 baada ya ujauzito kwisha. Dini mbili na udaktari, vitu ambavyo mara nyingi havikai meza moja, hapa vimepishana kwa siku mbili tu. Mwili wa mwanamke una ratiba yake, na watu waliokaa karibu nao waliiona mapema.

Sasa ndani ya siku hizo 40 kulikuwa na nini? Mzazi halimi, hachoti maji, hapiki. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo kwa kanga, ananyweshwa uji na supu ya kuku. Mwanamke mtu mzima analala naye chumba kimoja, baba mtu anahamishwa. Ukiitazama vizuri hiyo ni likizo ya uzazi ya mkulima. Tofauti ni kwamba mshahara wa likizo hiyo ulilipwa kwa jasho la wanawake wengine, nao walilipwa zamu yao ilipofika.

Nisipake rangi. Ndani ya chumba hicho hicho kitovu cha mtoto kilipakwa vitu ambavyo daktari akisikia anashika kichwa. Maziwa ya kwanza, yale ya njano, mahali pengi yalikamuliwa yakamwagwa kwa kuonekana machafu, kumbe ndiyo kinga. Maji ya kukandia yaliunguza watu. Na mzazi mwenye homa kali aliweza kufungiwa ndani siku tatu akifukiziwa, wakati alichohitaji ni dawa ya kuua vijidudu. Bibi mwenyewe anakubali hayo. Aliwahi kuzika mdogo wake.

Turudi nyuma kidogo. Wazigua, wenyeji wa Handeni, ni miongoni mwa watu wa mashariki mwa Tanzania ambao ukoo ulihesabiwa upande wa mama, kama Waluguru, Wakaguru, Wanguu na Wazaramo. Mtoto akizaliwa, aliyeongezewa mtu ni ukoo wa mama. Kwa hiyo bibi mzaa mama na mjomba walikuwa na sababu ya wazi ya kutaka mzazi apone. Hapakuwa na haja ya kuhubiriana upendo.

Lakini Handeni ni nchi ya njaa za mara kwa mara, na njaa ndiyo adui wa kwanza wa utaratibu huu, kwa sababu haimwachi mtu mahali pake. Katika karne ya 19, kwenye miaka ya 1830 na baada yake, njaa iliwasukuma Wazigua wengi mpaka pwani, na wengine wakajikuta kwenye majahazi wakipelekwa Somalia utumwani. Waliotoroka walijenga vijiji kando ya mto Juba. Zaidi ya miaka 150 baadaye, vita vya Somalia vya miaka ya 1990 vilipowatoa huko, wajukuu zao walifika Handeni kama wakimbizi, wakakaa Mkuyu, baadaye wakahamishiwa Chogo, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Wenyeji walishangaa: wageni hawa walikuwa wanaongea Kizigua. Mimi nikiisikia habari hiyo huwa nafikiria vyumba vya wazazi. Lugha haivuki vizazi vyote hivyo utumwani na ugenini bila mtu wa kumwimbia mtoto mchanga kwa lugha ile, siku zile ambazo mama yake hajaweza kunyanyuka.

Njaa nyingine zilifuata. Mwanahistoria James Giblin, ambaye kitabu chake cha mwaka 1992 kinahusu nchi hii hii ya Handeni, anaeleza nzige na njaa ya 1894 mpaka 1896, halafu njaa mbaya zaidi ya 1898 mpaka 1900, Wajerumani wakiwa wameshaingia. Watu walitawanyika kutafuta chakula, na wengine, hasa wanawake na watoto, waliwekwa rehani kwa wenye nacho ili wapate kula. Mwanamke aliyezaa katika miaka hiyo nani angemletea uji? Waliomdaiwa walikuwa wameondoka, na wale aliowadai yeye pia.

Wamisheni walikuwa wameshafika. Waanglikana wa UMCA walianzia Magila, Muheza, wakapanda mpaka Korogwe na Kideleko, ambayo iko jirani tu na Chanika. Mwaka 1911 Askofu Frank Weston wa Zanzibar alianzisha shirika la masista, CSP, na masista hao ndio waliobeba kazi ya uuguzi Magila na baadaye Kwamkono, huku Handeni. Chini ya Mwingereza, katika miaka ya 1920 na 1930, sehemu kubwa ya huduma za akina mama na watoto Tanganyika ilikuwa mikononi mwa misheni, serikali ikichangia kidogo.

Sitaki kuwadharau masista wale. Watu wengi mkoa wa Tanga wako hai kwa sababu yao. Lakini angalia hofu iliyokuwa nyuma ya sera. Wakoloni walikuwa na wasiwasi kwamba watu ni wachache na watoto wanakufa mno, na bila watoto leo hakuna vibarua kesho wala kodi. Kwa hiyo kliniki ilikuwa ya mtoto: apimwe uzito, aogeshwe, mama afundishwe usafi. Mama alionekana mjinga wa kufundishwa, na bibi akaonekana adui. Yule mwanamke mtu mzima aliyelala chumba kimoja na mzazi, mwenye makosa yake na ujuzi wake, hakuna aliyefikiria kumfundisha kwa upole na kumwacha aendelee. Alitakiwa atoke tu.

Kitu kilichonishangaza zaidi lakini sikukikuta kwa wamisheni. Nilikikuta kwenye mkonge.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge nchini. Ni miche 62 tu iliyofika hai, ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 yakatokea mashamba yaliyojaza bonde lote la Korogwe: Ngombezi, Hale, Mnyuzi, Magoma, Mazinde. Wafanyakazi walitoka mbali, manamba, kila mtu na kipande chake. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi ya kukusanya vibarua kutoka kila kona ya Tanganyika na nje. Mwanzoni walitaka wanaume tu. Baadaye wake nao wakaja, na wake wakija watoto hawachelewi.

Hebu fikiria mwanamke kutoka kusini kabisa, amejifungua kwenye kambi ya mkonge Korogwe. Mama yake yuko mwendo wa wiki nzima, wifi hayupo, ukoo haupo. Mume anaamka alfajiri kukata mkonge, na asipomaliza kazi siku haihesabiwi. Kituo cha mabasi Korogwe niliongea na mama mmoja mtu mzima anayeuza matunda, mzaliwa wa kambi. Aliniambia mama yake alitoka Songea, na aliyemkanda na kumpikia alikuwa mama wa Kirundi wa chumba cha pili. "Hawakuwa wanasikilizana lugha. Waliongea Kiswahili cha kuokoteza, vidole vingi kuliko maneno. Mimi nimekua namwita bibi. Nilipoolewa yeye ndiye aliyekula mahari ya bibi." Halafu akanikatia nanasi na kuniuliza kama nanunua au naandika.

Nanasi nilinunua. Maana yake ni kwamba kambini, mahali ambapo hapakuwa na mila ya mtu yeyote, wanawake walitengeneza ukoo mpya kwa muda wa mimba moja. Nchi hii ilishakuwa na mazoea ya kufanya hivyo. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ugenini ni ndugu, anakuzika. Ukishakuwa na mtu wa kukuzika, kupata wa kukupikia uji si mbali.

Mijini nako wanawake walikuwa na vyama vya ngoma. Tunavikumbuka kwa mavazi na mashindano, tunasahau kwamba vilikuwa pia mfuko wa kusaidiana kwenye shughuli, harusi, uzazi na misiba. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba pale Dar, alipotakiwa kuwaingiza wanawake TANU, alianza na vikundi hivyo, maana huko ndiko wanawake walikokuwa tayari wamejipanga. Historia ya uhuru tunayofundishwa shuleni inasema TANU iliwaamsha wanawake. Nadhani ni haki zaidi kusema iliwakuta macho.

Sasa nirudi kwenye vidole vya bibi. Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoanza vijiji vya ujamaa mapema, mwishoni mwa miaka ya 1960, kabla ya operesheni kubwa ya nchi nzima iliyofuata miaka ya 1970. Bibi na babu walihamia kijiji kipya mwaka 1969. Mama akazaliwa 1970. Nilipomrudisha bibi kwenye ile orodha ya wanawake 11 na kumuuliza nani alikuwa nani kwake, jibu lilinikalisha chini. Ndugu zake walikuwa watatu tu. Wanane waliobaki walikuwa majirani aliowafahamu kwa muda usiofika mwaka mmoja, watu waliosogezwa kama yeye kutoka huku na huku na kupangwa kwenye mstari wa nyumba.

Yaani ile picha ya mila ya kale niliyokuwa nayo kichwani, uji na kuni na maji, ilikuwa na umri wa miezi kumi.

Nikamuuliza mlifanyaje. Akasema ilianza kwenye shamba la ujamaa. Mahudhurio yalihesabiwa, na usipofika unaandikwa. Mwanamke wa kwanza kujifungua pale kijijini aliandikwa mtoro. Wengine wakaenda kwa mwenyekiti kundi zima, majembe mkononi, wakamwambia mzazi hataandikwa mpaka arobaini iishe, na kazi yake wataigawana. Mwenyekiti akakubali. Bibi anasema alikubali kwa hekima. Mimi nikifikiria yale majembe naona alikuwa na sababu nyingine pia. Kuanzia hapo waliweka zamu, na zamu ndiyo iliyozaa ile orodha.

Serikali nayo haikukaa bure, tuseme ukweli. Vijiji vilisogeza watu karibu na zahanati. Mwaka 1974 ulianza mpango wa taifa wa afya ya mama na mtoto, ukaleta wauguzi wasaidizi, kadi ya kliniki, na ile mizani ya kuning'inia ambayo kila Mtanzania wa rika langu ameililia. Mwaka 1975 sheria ya ajira ilirekebishwa, likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo ikawa haki ya mwanamke mwajiriwa, awe ameolewa au hajaolewa. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini mwajiriwa. Mkulima wa Handeni aliendelea kulipwa likizo yake kwa kuni.

Na kwenye kliniki mtoto ndiye aliyekuwa na kadi, chanjo na tarehe. Mama alikuwa mtu anayembeba. Mwaka 1985 Allan Rosenfield na Deborah Maine waliandika makala maarufu katika jarida la Lancet wakiuliza hilo hilo kwa dunia nzima: kwenye herufi MCH, huduma ya mama na mtoto, M imekwenda wapi? Miaka miwili baadaye, Februari 1987, mkutano wa kimataifa wa uzazi salama ukafanyika Nairobi. Toka hapo macho yakahamia kwa mama, ila zaidi kwenye kitanda cha kujifungulia. Wakunga wa jadi walipewa mafunzo na vifaa, wembe safi na glovu, halafu mawazo ya wataalamu yakabadilika, wakaambiwa waache kuzalisha, wawasindikize tu wajawazito hospitali.

Nakubaliana na sababu. Mkunga wa jadi hawezi kuongeza damu wala kufanya upasuaji. Takwimu nazo zinaongea. Kwenye utafiti wa taifa wa 2015/16 asilimia 63 ya uzazi ulifanyika kwenye vituo vya afya, na kwenye ule wa 2022 ni asilimia 81. Makadirio ya vifo vya uzazi yakashuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mpaka 104. Hata ukibishana na wataalamu wa hesabu, wanawake wengi sana wamepona.

Lakini mkunga wa jadi alikuwa na kazi mbili na sisi tukamwondoa kwa ajili ya moja. Alizalisha, halafu alibaki. Kesho asubuhi alikuwepo, keshokutwa alikuwepo. Nesi mwenye wazazi 20 wodini hawezi kubaki. Katika utafiti ule wa 2015/16 ni asilimia 34 tu ya wanawake walioangaliwa na mtaalamu ndani ya siku mbili baada ya kujifungua. Mwaka 2022 ilikuwa takriban nusu. Na hizo siku mbili za kwanza, na wiki ile inayofuata, ndizo za kutokwa damu, kifafa cha mimba ambacho kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, na maambukizi.

Hapa ndipo dada yangu anapoingia. Alijifungua Dar, kituo sitakitaja, usiku saa nane. Mchana wake aliruhusiwa na karatasi ya tarehe za chanjo za mtoto. Mtoto, narudia. Anakaa chumba na sebule, mume wake ana siku 3 za likizo ya baba ambazo sheria ya 2004 inampa, na alizitumia zote, mtu wa watu. Siku ya nne alirudi kazini. Mimi nilikuwa napiga simu jioni, "vipi, mnaendeleaje?" naambiwa tunaendelea vizuri, nakata, narudi kwenye habari zangu. Siku ya sita bibi akashuka Magufuli na kikapu, akaingia chumbani, akaweka mkono kwenye paji la uso la dada, hakuuliza kitu. Akasema tafuta gari.

Yalikuwa maambukizi ya kizazi. Daktari alisema siku moja zaidi ingekuwa maneno mengine. Dada yuko salama sasa. Baadaye ndipo alipotueleza kwamba alikuwa analia kila siku tangu afike nyumbani na hakujua kwa nini, na aliona aibu kutuambia. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke 1 kati ya 5 hupata tatizo la akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Kwenye zile simu zangu za jioni hakuna mahali niliwahi kuuliza, "wewe mwenyewe, je?"

Nauli ya bibi ndiyo iliyonipeleka kwenye yale maswali yote. Nilitaka kumrudishia. Akasema si yangu kurudisha, zimetoka kwa akina mama.

Akina mama ni kikundi cha mtaani kwake, Chanika. Kilianza kama kikoba cha kawaida cha kuweka na kukopa, na sasa kina ukurasa wa pili kwenye daftari. Mwanachama, au binti wa mwanachama, akijifungua, zamu inaanza: siku 7 za kwanza lazima mtu mmoja afike kila siku na ndoo ya maji. Maji Handeni si zawadi ndogo. Yakikatika bombani, mtu anaamka saa kumi. Anayefika anauliza maswali aliyowaandikia muuguzi mmoja mstaafu wa jirani: damu inatokaje, kuna homa, kichwa kinauma, unaona vizuri, maziwa yametoka, umelala. La mwisho waliliongeza wenyewe: umelia? Ikibidi, namba ya bodaboda imeandikwa nyuma ya jalada. Kukandwa kupo, ila maji yanapimwa kwa kiwiko kwanza. Kitovu cha mtoto hakipakwi kitu. Mama mmoja alibisha sana hilo la kitovu, wamebishana miezi miwili, ameshindwa.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wawili kwa kila kitongoji na mtaa, lengo 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Ni jambo zuri na nitalifuatilia kikazi. Nilimuuliza katibu wa kikundi wakipata mhudumu wao watafanya nini na daftari. Akanitazama kama nimeuliza ukipata redio utafanya nini na mdomo. "Tutampangia zamu."

Nikaomba nilione daftari. Kwenye ukurasa wa wazazi, katikati ya majina ya Chanika, nikakuta jina la dada yangu. Nauli ya kwenda na kurudi, kuku mmoja, na siku 21 za bibi kutokuwepo, zimegeuzwa kuwa ndoo. Safu ya waliolipa ilikuwa imejaa. Safu ya alicholipa ilikuwa tupu.

Nilipiga picha nikamtumia. Hakujibu siku mbili, nikadhani amekasirika. Mwezi wa nane, mtoto akiwa ametimiza miezi saba, alipanda basi naye mgongoni, akashukia Chanika, akachota maji siku 7 kwa msichana wa mtaa wa pili aliyejifungua mapacha na ambaye hawakuwahi kuonana. Amerudi Dar na malengelenge mikononi, ananiuliza ile habari yangu ya maji itatoka lini.